Makofi si kura



Leo sizungumzii siasa za Dar wala nani kahamia chama gani. Nataka tuzungumzie makofi. Ndiyo, makofi haya haya ya mikono miwili. Wiki tatu nilizozunguka Kasulu na Kibondo kwa kazi ya gazeti zimenifanya niamini kwamba sehemu kubwa ya nchi hii inaamuliwa kwa makofi, na kwamba sisi tuliosoma tumeliacha jambo hilo lipite kama vile halituhusu.

Mnaujua mtindo wenyewe. Mwenyekiti anasimama, anaeleza jambo kwa dakika ishirini, halafu anauliza: "Ndugu wananchi, tunakubaliana au hatukubaliani?" Wawili watatu walioketi mbele wanapiga makofi, na wa nyuma nao wanapiga kwa sababu wa mbele wamepiga. "Basi tumekubaliana. Ajenda inayofuata!" Mtendaji anaandika kwenye daftari lake: Wananchi kwa kauli moja waliridhia.

Kauli moja ya nani? Hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Tuanze na sheria kidogo, na naomba msikimbie. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Hateuliwi na haombi kadi, ni mjumbe tu. Mkutano huo ndio wenye kauli ya mwisho katika sera za kijiji, na ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Mtendaji wa kijiji hachaguliwi. Huyo ni mwajiriwa, na ndiye anayeshika kalamu. Kumbukeni neno hilo, kalamu, tutalirudia.

Sasa njoo kwenye ardhi, maana huku kwetu ardhi ndiyo kila kitu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji inaisimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini tu, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, na eneo halizidi hekta 250, yaani zaidi kidogo ya ekari 600, mkutano mkuu ndio wenye kukubali au kukataa. Likizidi hapo uamuzi unakwenda kwa waziri, lakini naye lazima kwanza azingatie mapendekezo ya mkutano mkuu.

Mmeona? Bibi wa Kasulu anayelima maharage na mihogo, ambaye hajawahi kufika Dodoma, ana mamlaka ya kisheria ambayo wewe na mimi tunaokaa Sinza au Mikocheni hatuna. Mtaani kwetu hakuna mkutano wa wakazi unaoweza kumzuia mtu kupewa ekari moja. Yeye anao, ila mamlaka yake yanapita katika mlango mmoja tu, mkutano wenyewe. Ukiuharibu mkutano, umemnyang'anya kila kitu bila hata kumgusa.

Vijiji hivi navyo havikuota kama uyoga. Vingi vya mkoa huu vilipangwa wakati wa Operesheni Kigoma ya 1972, watu walipotolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kukusanywa pamoja. Mwaka huohuo halmashauri za wilaya zilifutwa nchi nzima na maamuzi yakahamia kwa maofisa wa serikali kuu. Sheria ya 1975 ikavipa vijiji mkutano mkuu na halmashauri. Halmashauri za wilaya zikarudishwa kwa sheria za 1982, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa kosa. Kwa hiyo wazee wa huku wanakumbuka vizuri namna mtu anavyoweza kuhamishwa nyumbani kwake bila kuulizwa. Mkutano wa kijiji, kwa maoni yangu, ni ahadi kwamba safari hii utaulizwa. Sasa kuulizwa kwenyewe ndiko huku kwa makofi?

Ngoja niwape mfano. Kijiji sikitaji, na waliohusika siwataji. Ni upande wa Kasulu, mkutano uko chini ya mwembe karibu na shule ya msingi, watu wameanza kufika saa nne kwa mkutano ulioitishwa saa mbili. Ajenda zimeandikwa kwa chaki ubaoni: kufungua mkutano, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, mapato na matumizi, ujenzi wa choo cha shule, mengineyo, kufunga. Jua limepanda, akina mama wanafikiria vyungu jikoni, vijana wa bodaboda wameshaanza kuondoka. Tukafika kwenye mengineyo.

Wadau, mengineyo ni mfuko wa ajabu! Ndimo ilimochomolewa habari ya mtu mmoja wa mjini anayeomba ekari kadhaa za malisho ya kijiji apande miti ya mbao. Haikuwa ubaoni wala haikuwa kwenye tangazo. Mwenyekiti akaeleza faida: ajira, madawati, barabara. Akauliza kama tunakubaliana, na makofi yakapigwa. Mtu angesikiliza kwa mbali angesema kijiji kizima kimeafiki.

Akasimama mzee mmoja, mwalimu mstaafu, kofia mkononi. "Mwenyekiti, naomba kuuliza kuhusu utaratibu." Watu wakacheka kidogo, tunajua walimu wetu. Akasema kwa upole kabisa: "La kwanza, jambo hili halimo kwenye ajenda. La pili, tuliofika asubuhi si sisi tuliobaki sasa. La tatu, mimi makofi sijui kuyahesabu. Naomba mikono inyooshwe, na mwandishi aandike idadi."

Mwenyekiti hakufurahi, lakini angefanyaje mbele ya watu wote? Mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa na watu wawili, mmoja kutoka kila upande. Ile "kauli moja" ikayeyuka. Waliokubali na waliokataa walikaribiana mno, na kundi kubwa, hasa wanawake, halikunyoosha mkono upande wowote. Mama mmoja akasema hawezi kuamua jambo alilolisikia sasa hivi. Ikaamuliwa liahirishwe, liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao, na eneo lenyewe likaguliwe kwanza.

Sisemi kwamba yule mwombaji ni mwizi. Huenda miti ile ni neema. Ninachosema ni kwamba dakika tano kabla ya swali la mwalimu kijiji kilikuwa "kimeamua", na dakika tano baadaye ikagundulika kwamba kilikuwa hakijaamua chochote.

Jambo lililonitisha zaidi niliambiwa baadaye na wanakijiji wenyewe. Ile karatasi ya mahudhurio, ambayo kila mtu huandika jina na kusaini anapofika, hubandikwa nyuma ya muhtasari. Mtu akiusoma wilayani anaona ukurasa wa kwanza umeandikwa "wananchi waliridhia", na ukurasa wa pili kuna majina na sahihi. Anadhani hao ndio walioridhia, kumbe walisaini kuwa wamefika tu! Sahihi ya "nilikuwepo" imegeuka sahihi ya "nimekubali". Ndiyo maana nilisema mkumbuke kalamu.

Sasa najua kuna wasomaji watasema: wewe kijana unatuletea uzungu. Akidi, hoja, kuunga mkono, mwongozo, mambo ya Westminster hayo. Mwafrika anakaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wanakubaliana.

Nalijibu hilo kwa mambo mawili.

Kwanza, hata huko kwa wenzetu kanuni hazikuletwa na mabwana wakubwa wanaopenda maneno magumu. Kitabu cha kanuni za mikutano kinachotumika zaidi Marekani kiliandikwa na mhandisi wa jeshi, Henry Martyn Robert. Mwaka 1863 aliombwa kuongoza mkutano wa kanisa katika mji wa New Bedford, Massachusetts, naye hakujua aongozeje. Mkutano ukawa vurugu tupu. Akaanza kusoma na kukusanya kanuni, na mwaka 1876 akatoa kitabu. Shida yake ilikuwa ni ile ile ya pale chini ya mwembe: watu wengi, maoni mengi, na nani anajua tumeamua nini?

Pili, ni nani kasema wazee wetu hawakuwa na utaratibu? Vuka mpaka hapo uingie Burundi, ambako lugha inasikilizana na Kiha. Kule kuna abashingantahe, wazee wanaosimikwa rasmi na kupewa fimbo, ambao kazi yao ni kusikiliza pande zote na kuamua migogoro. Hujisimiki mwenyewe, na hukumu haitolewi kabla pande mbili hazijasikilizwa. Huo ni utaratibu, tena mkali. Na hapa Kasulu, Mwami Theresa Ntare aliitawala Heru hadi zama za utawala wa machifu kufutwa baada ya uhuru, na hata mwami alitawala akiwa na watu wa kumshauri chini yake. Mazungumzo ya chini ya mti yalifanya kazi kwa sababu kila mtu alijua nani anasema lini, na jambo halifungwi mpaka lini. Tulichonacho leo ni mti bila taratibu za mti, na daftari bila taratibu za daftari. Tumepoteza huku na huku.

Haya, kuna pingamizi kubwa zaidi, na hili nalipa heshima yake. Kanuni zinaweza kuwa rungu. Mwenye kuzijua anampiga asiyezijua, na wengi wanawapiga wachache.

Watu wa Kigoma hatuhitaji kufundishwa hilo. Agosti 2007, mbunge wa Kigoma Kaskazini wakati huo, Zitto Kabwe, aliwasilisha hoja binafsi akitaka Bunge liunde kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliosainiwa London na waziri Nazir Karamagi. Tunajua kilichofuata. Hoja ilikataliwa na mtoa hoja akasimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa, kwa madai kwamba amesema uongo. Kanuni zilifuatwa, wengi wakashinda, na aliyeuliza swali ndiye aliyeadhibiwa.

Au chukua Bunge Maalum la Katiba la 2014, lenye wajumbe zaidi ya 600. Siku na siku zilikwenda katika mabishano ya kura ya siri au ya wazi. Sheria ilitaka theluthi mbili ya wajumbe wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande peke yake. Aprili mwaka huo wajumbe wa Ukawa wakatoka nje na wengi wao hawakurudi. Oktoba ikatangazwa kwamba theluthi mbili zimepatikana kila upande. Kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na hadi leo haijapigwa. Hesabu zilitimia, lakini katiba haikuzaliwa.

Kwa hiyo sidanganyi mtu kwamba utaratibu ni dawa ya kila ugonjwa. Lakini angalieni tofauti. Hoja ya Buzwagi ilishindwa, ila haikupotea. Iko kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, neno kwa neno: nani alisema nini, nani alimjibu, na uamuzi ulikuwa upi. Nchi nzima ilijua hoja ilikuwa nini na nani aliizima, na miezi michache baadaye, Novemba 2007, Rais Kikwete alipounda kamati ya Jaji Mark Bomani kuangalia sekta ya madini, Zitto alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Aliyeshindwa kwa kura anabaki na kitu mkononi: idadi, kumbukumbu, na mahali pa kuanzia kesho. Aliyeshindwa kwa makofi habaki na chochote, maana kwenye daftari imeandikwa kwamba hata yeye aliridhia.

Kama mnataka kuona jambo hili likifanyika vizuri, msiende Dodoma. Njooni Kibondo, siku ya kikoba cha akina mama.

Niliruhusiwa kukaa pembeni na kuangalia. Wamekaa kwa duara, kila mmoja na namba yake. Katikati kuna sanduku la chuma lenye makufuli matatu, na funguo tatu ziko kwa wanachama watatu tofauti, na hakuna kati yao anayelihifadhi sanduku nyumbani kwake. Mtindo huu wa kuweka na kukopa ulianza Niger mwaka 1991 kwa vikundi vya wanawake wa vijijini, na umetembea Afrika nzima mpaka huku. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Aliyechelewa analipa faini, mwenyekiti naye akichelewa analipa. Mama akiomba mkopo anasimama, anaeleza, anaulizwa maswali, na kikundi kinaamua akiwa anasikia. Kabla ya kufunga, wanaulizwa sandukuni mna kiasi gani, na wote wanajibu pamoja. Hata asiyejua kusoma anaondoka na muhtasari kichwani.

Hakuna aliyesema pale "huu ni uzungu". Fedha ni zao, na kila mmoja anajua kwamba bila makufuli matatu urafiki hautafika Desemba. Lakini akina mama haohao wakienda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako kinachoamuliwa ni ardhi ya wajukuu wao, wanakaa nyuma na kupiga makofi. Kwa nini kikoba kina makufuli matatu na kijiji hakina hata moja?

Jibu langu ni hili: kwa sababu kijijini hakuna anayeuliza. Na wanaoweza kuuliza ni sisi, ambao hatupo.

Tujiangalie, vijana wenzangu mliomaliza chuo. Bungeni tunalijua kila neno. "Mwongozo wa Spika!" "Taarifa!" "Kuhusu utaratibu!" Tunayatania mpaka kwenye vikao vya harusi. Mwenyekiti wa kamati ya harusi asiposoma mapato na matumizi tunamshukia kama mwewe, tena kwa pesa ya ukumbi na keki. Lakini tukienda nyumbani likizo, mbiu ya mkutano wa kijiji ikipigwa tunasema hayo ni mambo ya wazee. Halafu miaka mitano baadaye tunaandika mitandaoni kwa uchungu kwamba shamba la babu limechukuliwa. Limechukuliwa lini? Kwenye mkutano upi? Nani aliunga mkono? Hatujui, maana siku ile tulikuwa mjini tunakunywa soda.

Simwombi mtu aende kuwafundisha wazee kazi. Uende kwa adabu, ukae, usikilize, na kama wewe ni mkazi wa pale uombe nafasi kwa mwenyekiti. Kama si mkazi, kaa na mama yako au shangazi yako jioni, mweleze maswali haya, yeye ndiye mjumbe. Ni maswali matano tu.

Jambo hili lilikuwa kwenye tangazo la mkutano, au limechomolewa kwenye mengineyo?

Akidi imetimia sasa hivi, wakati wa kuamua, au ilitimia asubuhi tu?

Hoja yenyewe ni ipi, isomwe kwa sentensi moja kabla hatujaamua?

Wangapi wamekubali, wangapi wamekataa, na namba imeandikwa?

Na mkutano ujao, kabla ya ajenda nyingine yoyote, tutasomewa kilichoandikwa leo, na karatasi ya mahudhurio itaandikwa juu yake kwa herufi kubwa MAHUDHURIO TU?

Maswali haya hayamtukani mtu. Hayasemi mwenyekiti ni mwizi wala mtendaji ni mla rushwa. Mwenyekiti mwema yanamlinda, maana kesho akisingiziwa ana namba za kuonyesha. Mwenyekiti mbaya ndiye pekee yanayemkera.

Nilimuuliza yule mwalimu mstaafu, tukiwa tunatembea kurudi barabarani, kwa nini aliamua kusimama wakati kila mtu alikuwa na njaa na anataka kwenda nyumbani. Akaniambia hana ugomvi na mwenye miti, na kwamba huenda mkutano ujao naye atanyoosha mkono kumkubali. "Ila nataka mjukuu wangu akiuliza, nimwambie tulikuwa wangapi."

Naomba kutoa hoja.